Chrome, Opera Mini au Firefox? Tathmini kwa mwenye simu ya giga 2 hadi 4 mjini Lubumbashi

Jibu kwanza, kwa mwenye haraka. Simu ya giga 2 za RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, ibebe Opera Mini kwa kusoma na Chrome kwa fomu na akaunti. Ya giga 4 ipewe Firefox yenye uBlock Origin, kiongezo cha kuzuia matangazo. Simu inayopita mikononi mwa watu wengi nyumbani iwekewe Firefox Focus. Na zile programu zinazojiita za kusafisha RAM zisiwekwe popote.

Vivinjari hivi havipimiki vizuri bila kutazama simu inafanya nini nyuma ya pazia. Lawama nyingi zinazotupiwa kivinjari, kwamba kinakula mega, kinarudisha ukurasa mwanzo, kinatoa matangazo hata kikiwa kimefungwa, chanzo chake ni jinsi Android inavyogawa kumbukumbu, mtandao na ruhusa. Ndiyo maana tathmini hii inaanzia huko. Na kwa kuwa simu nyingi hapa mjini zimewekwa katika Kifaransa, majina ya vitufe yameandikwa kama yanavyoonekana kwenye skrini hizo. Tecno, Infinix, itel, Samsung na Xiaomi kila mmoja hupanga menyu kwa njia yake; jina likikupotea, liandike kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya "Paramètres".

Mkono unaofagia

Kuna tabia moja inayoharibu simu nyingi kuliko kivinjari chochote. Mtu anafungua orodha ya programu za karibuni, kadi zinajipanga, anabonyeza "Tout fermer", simu inamwambia imeachilia mega mia kadhaa za RAM, anaridhika. Baada ya dakika tano anafungua tena WhatsApp, na simu inaanza kuisoma upya yote kutoka kwenye hifadhi. Kwenye simu za bei nafuu hifadhi hiyo mara nyingi ni ya aina ya eMMC, isiyo na kasi. Prosesa inahangaika kwa sekunde kadhaa kufanya kazi ambayo isingekuwepo kama programu ingeachwa ilipokuwa. Rudia hivyo mara arobaini kwa siku, betri itakwisha kabla ya jioni.

Android haikutengenezwa ili RAM ikae tupu. Programu uliyoiacha hubaki kwenye kumbukumbu ikiwa imelala, na nafasi ikikosekana mfumo wenyewe huitoa ile iliyokaa muda mrefu bila kuguswa. Tangu Android 6 ya mwaka 2015 kuna Doze: simu ikitulia, skrini ikiwa imezimwa na chaja haijachomekwa, programu hukatiwa mtandao na kupewa vipindi vifupi tu vya kupumua. Android 8 ya 2017 ikabana huduma zinazoendelea nyuma. Android 9 ya 2018 ikaanza kugawa programu kwa makundi kulingana na unavyozitumia, ile usiyoigusa ikipata zamu chache. Android 14 ya 2023 ikafunga mlango kabisa kwa programu za kusafisha: amri waliyokuwa wakiitumia kuua programu za wengine sasa hugusa programu ile ile iliyoitoa, basi. Mfagio unaozunguka na asilimia zinazopanda kwenye simu yenye Android 14 ni picha tu.

Kwenye Android za zamani programu hizo huua kweli, lakini zilizouawa hurudi mara ujumbe unapoingia au saa ya kazi yao inapofika. Kibaya zaidi, msafishaji mwenyewe hukaa nyuma muda wote, huleta matangazo, na mara nyingi huomba ruhusa ya "Accessibilité". Ruhusa hiyo humwezesha kusoma yaliyo kwenye skrini na kubonyeza kwa niaba yako. Kwenye simu ambayo ndiyo pochi yako ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, usimpe mtu usiyemjua ufunguo huo.

Ukiacha kabla ya fomu nzito, tutakayoifikia kwenye Chrome, kufagia kunafaa mahali pamoja tu: programu moja ikiganda, mathalani kamera inayoonyesha weusi. Itelezeshe hiyo peke yake. Ikikataa, shika alama yake kwa muda, ingia "Infos sur l'appli", bonyeza "Forcer l'arrêt". Lakini ujue maana ya kitufe hicho. Programu iliyosimamishwa hivyo haiamki yenyewe mpaka uifungue kwa mkono: WhatsApp haitakuletea ujumbe, saa ya kuamsha haitalia. Wengi wanaolalamika kwamba ujumbe unaingia kwa mkupuo wanapofungua WhatsApp wamejifungia wenyewe kwa njia hii, au simu yao ina kipengele cha kubana betri kilichowashwa na kiwanda. Kwa kesi ya pili, nenda kwenye "Batterie" ndani ya ukurasa wa WhatsApp na uiruhusu itumie betri bila kizuizi. Kwenye Samsung, angalia kama haimo katika orodha ya programu zilizolazwa usingizi mzito.

Mega zinakwenda wapi

Kabla hujabadilisha kivinjari, soma hesabu. Katika "Paramètres", chini ya "Réseau et Internet", kuna ukurasa wa matumizi ya data kwa kila programu. Bonyeza programu moja: utaona namba mbili, "Premier plan" na "Arrière-plan". Ya kwanza ni mega ulizotumia ukiitazama, ya pili ni zilizokwenda ukiwa unafanya mambo mengine. Hiyo ya pili ndiyo ya kukazia macho. Simu ikiwa na SIM mbili, kila SIM ina hesabu yake, kwa hiyo angalia ile unayonunulia forfe, yaani kifurushi cha mega.

Mara nyingi juu ya orodha hukuti kivinjari. Unakuta Play Store inayosasisha programu, Google Photos inayopandisha picha, Facebook inayojiandalia video, na WhatsApp inayopakua kila kitu cha kila kikundi. Dawa ni tofauti kwa kila mmoja. Play Store: gusa picha yako, ingia "Paramètres", weka masasisho ya kiotomatiki yapitie Wi-Fi pekee. Google Photos: zima matumizi ya data ya simu katika sehemu ya kuhifadhi nakala. WhatsApp: "Stockage et données", kisha kwenye upakuaji wa kiotomatiki ondoa alama zote za data ya simu, picha, sauti, video na hati, utabonyeza mwenyewe unachotaka kuona. Facebook na nyingine zote zisizo na ujumbe wa haraka: zima "Données en arrière-plan" ndani ya ukurasa wake wa data. Itafanya kazi kama kawaida ukiifungua, na itanyamaza ukiifunga.

Kuna njia ya mkato: "Économiseur de données", iliyokuja na Android 7 mwaka 2016. Hukata data ya nyuma kwa programu zote mara moja, isipokuwa zile utakazozipa ruhusa. Ipe WhatsApp ruhusa hiyo, na barua pepe kama kazi yako inaitegemea. Menyu za pesa za kupiga kwa nyota na reli haziguswi, kwa sababu hazipiti kwenye data.

Neno moja kuhusu delestaji, yaani mgao wa umeme, maana hapa ndipo watu wanapokosea kumtafuta mwizi. Umeme ukikatika mtaani na mnara wa karibu ukadhoofika, simu hushika mnara wa mbali na kuongeza nguvu ya kurusha mawimbi, au hukaa ikiruka kati ya 4G na 3G. Betri inayoyeyuka saa hizo imeliwa na redio. Ukifunga programu hutapona. Weka aina ya mtandao kwenye 3G mpaka mawimbi yarudi, au washa "Mode avion" usiku kama hutarajii simu. Ukiingia "Batterie" na kuona mtandao wa simu uko juu kuliko programu zako, ndiyo hali hiyo.

Chrome

Chrome huja na simu na kwa kawaida haiondoki, kwa hiyo swali ni uitumie kwa kazi gani. Kwa tovuti za serikali, benki, vyuo na mashirika yanayotangaza ajira, ndiyo ya kutegemewa zaidi, kwa sababu wanaotengeneza tovuti hizo huijaribia kwanza. Kile kiokoa data chake cha zamani, kilichokuwa kikibana kurasa, Google ilikiondoa mwaka 2022 katika toleo la 100. Usipoteze muda kukitafuta. Kinachobaki cha kuokoa mega ni kuzima upakiaji wa mapema: "Paramètres", "Confidentialité et sécurité", "Précharger les pages". Ukiacha imewashwa, Chrome huvuta kurasa inazodhani utazibonyeza, na usipozibonyeza mega zimekwenda.

Vichupo, yaani zile "onglets", vinaogopwa bure. Kisanduku cha juu kikionyesha 37, haina maana kurasa 37 zinakaa ndani ya RAM. Zilizo hai kweli ni chache, zile ulizozigusa mwisho. Nyingine zimebaki jina, anwani na picha ndogo. Ukivuka 99, namba hugeuka kuwa uso unaotabasamu, :D, na hata hapo simu haijazidiwa kwa sababu hiyo. Ubaya wa vichupo vingi ni mwingine: kila unachokirudia hupakiwa upya, na kupakia upya ni mega.

Hapa ndipo penye udhaifu mkubwa wa Chrome kwenye giga 2. Mtazame mtu anayejaza fomu ndefu ya maombi. Ameandika jina, jina la baba, anwani ya Katuba, ameambatisha picha ya kitambulisho. Fomu inadai msimbo uliotumwa kwa SMS. Anatoka, anafungua ujumbe, anakariri tarakimu sita, anarudi. Ukurasa ni mweupe, mstari mwembamba unatembea juu yake, kisha fomu inatokea tupu kama hajawahi kuigusa. Kilichotokea ni kwamba alipofungua ujumbe, na kabla yake kamera kwa ajili ya kitambulisho, RAM ilijaa, Android ikakitoa kile kichupo. Chrome ilikumbuka anwani yake tu. Maandishi ya ndani hayakuhifadhiwa popote.

Kinga zipo na zinafanya kazi. Piga picha za hati zote kabla ya kufungua fomu, maana kamera ndiyo inayomeza RAM kuliko zote. Majibu marefu yaandike kwanza kwenye daftari la simu, kisha uyanakili. Msimbo ukifika, usitoke kwenye ukurasa: vuta pazia la arifa kutoka juu, usome hapo hapo, na kwenye programu ya ujumbe ya Google utakuta kitufe cha kunakili tarakimu ndani ya arifa yenyewe. Pazia likiwa limeshuka, Chrome bado iko mbele na haitolewi. Ukiacha programu iliyoganda, hii ndiyo saa pekee ambapo kufunga programu nyingine kunastahili: kabla ya fomu nzito, mara moja, si kila dakika. Kwenye Tecno, Infinix na Xiaomi nyingi kadi ya programu inaweza kuwekewa kufuli katika orodha ya karibuni. Kufuli hilo huiokoa na kitufe cha kufagia, ila RAM ikijaa kweli haliahidi kitu.

Lawama nyingine: matangazo yanayotokea Chrome ikiwa imefungwa, yenye maneno ya kutisha kwamba simu ina virusi. Watu hurudisha simu kiwandani kwa sababu hiyo, wakapoteza picha za familia bila haja. Mara nyingi hakuna virusi hapo. Ni tovuti moja uliyoiruhusu siku moja, ulipobonyeza "Autoriser" ili video ianze. Ruhusa ya arifa huendelea hata kichupo kikifungwa, hata historia ikifutwa. Ingia "Paramètres" ya Chrome, "Paramètres des sites", "Notifications", utaona orodha ya walioruhusiwa. Waondoe wote usiowatambua. Kisha uzime kabisa swali la arifa. Ni kazi ya dakika moja, na tunasisitiza ifanywe kwenye simu za wazazi pia.

Opera Mini

Ilizaliwa Norway mwaka 2005 kwa simu za vitufe, na wazo lake halijabadilika. Ukiomba ukurasa, seva ya Opera ndiyo inayoufungua, inaubana, kisha inakutumia kifurushi kidogo. Kampuni inadai kuokoa hadi asilimia 90 ya data. Kwa kurasa za maandishi na picha, kama habari na matokeo ya mpira, upungufu ni mkubwa na unaonekana kwa macho kwenye kaunta yake ya ndani. Kwa video usitegemee muujiza.

Bei ya huo mbano inalipwa mahali pengine. Katika kiwango cha juu kabisa cha kuokoa, ukurasa umeshapikwa mbali na wewe. Menyu za kushuka hazishuki, vitufe havijibu, ramani hazisogei, na fomu hukwama katikati. La uzito zaidi ni kwamba ukurasa umepita ukiwa wazi kwenye seva ya kati, kwa hiyo usiandike humo nenosiri la benki wala la barua pepe. Kuna kiwango cha chini kinachobana kidogo na kuheshimu kurasa salama. Hicho kinafaa kwa siku nyingi. Ukiona tovuti inagoma, badilisha kiwango kabla ya kulaumu mtandao.

Ikiisha kusakinishwa, fanya mambo mawili papo hapo. Zima habari za ukurasa wa mwanzo, kwa sababu picha zake hupakiwa kila unapofungua na kula zile mega ulizokuja kuokoa. Na zima arifa zake katika mipangilio ya Android, maana bila hivyo itakuita siku nzima. Sifa yake inayosahaulika ni kuhifadhi kurasa za kusoma bila mtandao: mwanafunzi anaweza kuvuta kurasa kumi akiwa kwenye Wi-Fi ya chuo, akazisoma Ruashi jioni bila forfe.

Firefox na Focus

Firefox ni nzito kidogo kuliko Chrome kuanza, inatumia injini yake yenyewe, na kwenye giga 2 inachechemea. Kwenye giga 3 inavumilika, kwenye giga 4 inastahili nafasi ya kwanza kwa sababu moja kubwa: inakubali viongezo, jambo ambalo Chrome ya Android hailikubali. Fungua menyu ya nukta tatu, ingia "Extensions", tafuta uBlock Origin, bonyeza alama ya kujumlisha. Toka hapo matangazo hayafichwi tu, hayapakuliwi kabisa. Kwenye tovuti za habari zilizojaa matangazo ya video, hiyo ndiyo tofauti kati ya ukurasa unaofunguka na ule unaokaa ukizunguka. Mbano wa Opera hupunguza uzito wa takataka. uBlock huiacha mlangoni, na ukurasa uliobaki unakuja mzima, fomu zake zikifanya kazi, nenosiri likisafiri bila mtu wa kati.

Kwa usimamizi wa vichupo Firefox imefikiria zaidi kuliko wenzake. Katika "Onglets" unachagua vifungwe kwa mkono, baada ya siku moja, wiki moja au mwezi mmoja. Chagua wiki. Pia kuna chaguo la kufuta data unapotoka. Ukiliwasha, menyu inapata kitufe cha "Quitter", na ukikibonyeza, akaunti zote ulizoingia humo zinafungwa. Angalizo: kutelezesha kadi ya Firefox siyo kubonyeza "Quitter". Hiyo ni kufagia tu, na usitegemee kufagia kufute chochote.

Focus ni mdogo wake, mwepesi, na kazi yake ni moja. Unafungua, unasoma, unabonyeza alama ya pipa, kila kitu kinafutwa. Haifai kwa mtu anayetaka kukaa ndani ya akaunti zake. Inafaa sana kwa simu ya nyumbani ambayo baba, dada na mpwa wote wanaishika. Ukimpa mtu simu atafute kitu kimoja tu, washa pia "Épinglage d'application" kwenye sehemu ya usalama, kisha ubandike Focus. Ukiwasha hapo hapo chaguo la kuomba namba ya siri kabla ya kubandua, hatatoka humo kwenda kwenye ujumbe wako bila namba hiyo.

Akaunti iliyobaki wazi

Hapa Lubumbashi hatari kubwa ya akaunti haiko kwenye simu yako, iko kwenye kompyuta ya "secrétariat public", yaani duka la kuchapa na kuchapisha hati. Wakati wa TFC, kazi ya kumalizia masomo ya chuo, foleni ni ndefu, mtu anafungua Gmail yake pale ili achapishe, au anaskani WhatsApp kwenye kompyuta, analipa, anachukua karatasi na kuondoka. Amefunga dirisha, anadhani amefunga akaunti.

Kufunga kichupo hakufungi akaunti, popote, kwenye kivinjari chochote cha kawaida. Kinachokuweka ndani ni vidakuzi, vijifaili vidogo ambavyo tovuti huacha ili ikutambue ukirudi. Vinakaa mpaka ubonyeze kutoka, uvifute, au muda wake uishe, na kwa tovuti nyingine muda huo ni miezi. "Navigation privée" hufuta vidakuzi, lakini kwa sharti ambalo wengi hawalijui: vichupo vyote vya faragha vilivyo wazi vinatumia vidakuzi vile vile. Ukifunga kile cha Facebook na kuacha kingine cha faragha kikiwa wazi, Facebook bado iko ndani. Mpaka wa mwisho ufungwe.

Njia bora ya kuchapisha ni kutoingia akaunti kabisa. Peleka faili kwa flashi, au chomeka simu kwa waya na uchague "Transfert de fichiers" kwenye arifa ya USB. Ukilazimika kuingia, bonyeza Ctrl, Shift na N pamoja kwenye Chrome ya kompyuta ili dirisha la faragha lifunguke, ufanye kazi yako humo, na ufunge dirisha zima. Kivinjari kikikuuliza kama kihifadhi nenosiri, kataa.

Kama umeshaondoka, bado unaweza kufunga ukiwa nyumbani. WhatsApp: menyu ya nukta tatu, "Appareils connectés". Inakubali hadi vifaa 4 pamoja na simu, na kila kimoja kinaonyesha mara ya mwisho kilipotumika. Gusa usichokitambua, "Se déconnecter". Usidhani kuzima simu kunakatisha kompyuta ile: WhatsApp huendelea bila simu yako, na ni pale tu simu isipotumika kwa siku 14 ndipo vifaa hivyo hutolewa. Google: ingia myaccount.google.com, "Sécurité", sehemu ya vifaa vyako, chagua ile kompyuta ya Windows usiyokuwa nayo, toka. Facebook: "Espace Comptes", "Mot de passe et sécurité", "Où vous êtes connecté". Baada ya kutoa vifaa, badilisha nenosiri. Ukibadilisha kwanza na kuacha vifaa ndani, baadhi ya huduma huviacha viendelee.

Kasha la 4+4

Anayenunua simu sasa kwa ajili ya haya yote, asome kasha kwa makini pale soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Maandishi makubwa ya 8 GB mara nyingi yana 4+4 pembeni. Nne za kwanza ni RAM. Nne za pili ni sehemu ya hifadhi iliyokopwa kufanya kazi ya RAM. Tecno huiita MemFusion. Inasaidia programu iliyolala isitolewe haraka, lakini eMMC haina kasi ya RAM, kwa hiyo kurudi kwenye programu hiyo ni polepole, na hifadhi yako imepungua giga 4. Kwenye simu ya giga 64 iliyojaa picha, punguza kiasi hicho au ukizime, na uache angalau sehemu moja ya kumi ya hifadhi wazi, la sivyo simu nzima inakwama.

Simu ya mtumba usiipime kwa maneno. Ingia "À propos du téléphone", gusa "Numéro de build" mara 7, rudi kwenye "Options pour les développeurs", fungua "Mémoire": hapo kuna RAM halisi na wastani wa iliyotumika kwa saa 3 zilizopita. Halafu fanya jaribio la fomu. Fungua ukurasa wowote wenye kisanduku cha kuandika, andika maneno mawili, fungua kamera upige picha, fungua WhatsApp, rudi. Maneno yakiwa bado yapo, RAM hiyo inatosha kwa maisha ya kawaida. Yakiwa yamefutika mara mbili mfululizo, mrudishie muuzaji simu yake, au uteremshe bei ukijua utaishi na Opera Mini. Ukimaliza zima tena "Options pour les développeurs", na usiguse kile kikomo cha programu za nyuma kilichomo humo: ukiweka sifuri WhatsApp itakuwa kiziwi, na kikomo chenyewe hurudi kama kilivyokuwa kila simu ikiwashwa upya.